Mtu Asiyependwa na Historia Yake

Jumapili ya 31 ya Mwaka C
Masomo: Hek 11:22–12:2, 2 Thes 1:11–2:2, Lk 19:1-10





Injili tuliyoisikia inajulikana hata na watoto wa mafundisho. Mwinjili Luka anatuambia mambo matano juu ya mtu mmoja. Jina lake aliitwa Zakayo, alikaa Yeriko, alikuwa mkubwa wa watoza ushuru, alikuwa tajiri, tena alikuwa mfupi wa kimo. Jambo la sita, ambalo kila mmoja wetu angependa kulijua, Luka hakuliandika. Ilikuwaje mtu huyu akaingia katika kazi ile? Je, aliirithi kwa baba yake? Je, alichekwa utotoni kwa ajili ya ufupi wake, hata akaona kwamba fedha peke yake ndiyo itakayomfanya aonekane mrefu? Je, alibanwa na deni? Hatujui. Wala makutano wa Yeriko hawakuwa na haja ya kujua. Walikuwa wamekwisha kupata neno moja la kummaliza: mwenye dhambi. Baada ya neno hilo hapakuwa na swali tena.

Ndugu wapendwa, leo nataka tulitafakari jambo hilo moja tu: namna tunavyomtazama mtu tusiyempenda, na nafasi ya historia yake katika hukumu yetu. Nalitafakari kwa sababu ya mabishano niliyoyasikia kisiwani Rukuba.

Wengi wenu mnakijua kisiwa hicho, katika Ziwa Victoria, upande wa Musoma mkoani Mara. Watu wa huko wanaishi kwa ziwa: sangara, sato, na dagaa. Nao wavuvi wa dagaa wana kalenda yao, na kalenda hiyo ni mwezi. Dagaa hufuata mwanga wa taa katika giza. Mbalamwezi inapong'aa, taa hazina nguvu ya kuwavuta, na mitumbwi hupumzishwa ufukoni. Basi, usiku mmoja wa mbalamwezi, vijana na akina mama walikuwa wamekaa mbele ya televisheni inayotumia umeme wa jua. Kipindi kilikuwa kimekwisha, lakini watu hawakuondoka. Walikuwa wakibishana juu ya mwanamke mmoja wa tamthilia waliyoitazama zamani.

Tamthilia hiyo ni ile ya Kituruki ambayo Azam TV iliirusha kwa sauti za Kiswahili kwa jina la Sultan. Huko Uturuki ilionyeshwa tangu mwaka 2011 hadi 2014, nasi huku tuliipokea kana kwamba ni habari za jirani zetu. Inaeleza maisha ya Sultani Suleiman, aliyetawala dola ya Waosmani tangu 1520 hadi 1566, na zaidi ya hayo inaeleza maisha ya mkewe, Hürrem. Huyu Hürrem watazamaji wengi hawakumpenda. Kila hila ya jumba la kifalme ilionekana kuwa na mkono wake. Waziri Mkuu Ibrahim Pasha aliuawa mwaka 1536. Watazamaji wakamtazama Hürrem. Mwanamfalme Mustafa, mtoto wa mwanamke mwingine aitwaye Mahidevran, kijana aliyependwa na askari na watu, alinyongwa kwa amri ya baba yake mzazi mwaka 1553. Watazamaji wakalia, kisha wakamlaani Hürrem.

Usiku ule kijana mmoja mvuvi alisema kwa hasira, "Yule mwanamke ni nyoka tu, hana lingine." Mama mmoja, mwanikaji wa dagaa, akamjibu, "Mwanangu, wewe ulianza kuitazama katikati. Hukumwona alipoletwa utumwani. Wazazi wake waliuawa, yeye akatiwa melini kama mzigo, akauzwa. Hata jina alinyang'anywa." Kijana hakukubali. Akauliza, "Haya, mama, na Mustafa je? Mustafa ndiye aliyemwua baba yake Hürrem?" Watu wakanyamaza. Yule mama naye akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Sijasema hakukosa. Nimesema ulianza katikati."

Wapendwa wasikilizaji, nimesoma vitabu vingi juu ya hukumu na huruma, lakini sidhani kama nimepata kusikia jambo hili likisemwa kwa ufupi zaidi. Sijasema hakukosa, nimesema ulianza katikati. Maneno hayo mawili yote ni ya kweli, na Mkristo anatakiwa kuyashika yote mawili kwa pamoja. Tuyatazame moja moja.

Kwanza, tunaanza katikati. Kila mtu tunayekutana naye, tunakutana naye hadithi yake ikiwa imekwisha kwenda mbali. Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Mtumbwi hauotoki majini. Kuna aliyeukata mti, kuna aliyezipiga mbao misumari, kuna aliyeziba nyufa. Na moyo mgumu nao umeundwa. Kuna mahali ulipopigwa nyundo.

Mwanamke yule wa kweli, siyo wa kuigizwa, alizaliwa katika nchi ambayo leo ni sehemu ya Ukraine. Alitekwa na wavamizi akiwa binti, akauzwa mtumwa, akaishia katika jumba la Sultani. Sisi wa Afrika ya Mashariki hatuhitaji kuelezwa maana ya binti kutekwa na kuuzwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, na njia za misafara zilipita katika nchi za babu zetu. Akiwa mtumwa miongoni mwa watumwa, Hürrem alijifunza kwamba asiye na nguvu hana usalama. Tena ilikuwepo desturi ya kutisha: mtoto mmoja wa Sultani alipotawala, ndugu zake wa kiume waliweza kuuawa ili wasiwe washindani. Mama aliyekuwa na wana katika jumba lile alijua kwamba kama mwana wa mwanamke mwingine akitawala, wanawe huenda wakanyongwa. Yule mama wa Rukuba alilielewa jambo hilo. Kijana yule alikuwa hajalifikiria.

Mabishano ya namna hii si mageni nchini kwetu. Kabla ya mwaka 1994 Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni, lakini tulikuwa na redio. Wazee mtakumbuka mchezo wa Twende na Wakati, ulioanza kusikika Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1993, na yule dereva wa lori, Mkwaju, mwenye mahawara katika njia zake za safari. Hakuna aliyempenda Mkwaju. Lakini wasikilizaji walimfuata juma kwa juma, wakaona jinsi mtu anavyoiendea hatari ya UKIMWI hatua kwa hatua, naye akiwa anacheka. Kwa kuiona njia yake tangu mapema, wengine waliitambua njia yao wenyewe. Hapo ndipo faida ya kujua historia ya mtu mbaya ilipo. Tukijua namna alivyofika huko, huenda tukaona kwamba na sisi tumekwisha kuianza safari hiyohiyo.

Turudi Yeriko. Mnajua, ndugu zangu, kwamba hata wataalamu wa Maandiko Matakatifu wamebishana juu ya Zakayo? Katika lugha ya Kigiriki aliyoandikia Luka, maneno ya Zakayo juu ya kuwapa maskini nusu ya mali yake na kurudisha mara nne yamewekwa katika wakati uliopo. Wafafanuzi walio wengi, wakifuata mapokeo ya zamani, wanasema kwamba hapo Zakayo anaweka nia mpya: tangu sasa nitafanya hivi. Lakini wapo wengine wanaosema kwamba anajitetea mbele ya manung'uniko ya watu: Bwana, hivi ndivyo nifanyavyo siku zote, ila hawa hawajui. Na jina lake lenyewe, kwa asili yake ya Kiebrania, lina maana ya mtu safi, asiye na hatia. Mji mzima ulimwita mwenye dhambi mtu ambaye mama yake alimwita Safi.

Mimi nafuata fafanuzi ile ya kwanza, kwa kuwa Bwana mwenyewe alisema kwamba amekuja kukitafuta kilichopotea, na wokovu umefika siku hiyo. Hata hivyo, ile ya pili inatupa onyo. Inawezekana kabisa kumchukia mtu kwa miaka ishirini, na kumbe hatujui anachokifanya na mali yake wakati wa usiku.

Pili, na hapa namgeukia yule kijana mvuvi, kwa sababu naye alisema kweli. Kujua historia ya mtu si kumfutia kosa. Mustafa hakuwa amemteka Hürrem. Jeraha la mtu mmoja halimpi haki ya kumjeruhi mwingine asiyehusika.

Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama, aliifasiri kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare na kuiita Mabepari wa Venisi, ikachapishwa mwaka 1969. Waliosoma sekondari wanamjua Shylock, mkopeshaji asiyependwa na yeyote. Katikati ya mchezo Shylock anaeleza jinsi alivyotukanwa na kudharauliwa kwa ajili ya taifa lake na dini yake, na msomaji mwenye moyo hawezi kuyasoma maneno hayo asione haya kwa niaba ya waliomtendea hivyo. Lakini maneno yale hayakukiondoa kisu mkononi mwake. Bado aliitaka ratili ya nyama kutoka kifuani mwa mdeni wake. Tunatakiwa tuyasikie malalamiko yake yote, na wakati huohuo tumshike mkono asichome.

Zakayo analijua hilo kuliko watetezi wake. Angalieni, ndugu wapendwa: anaposimama mbele ya Bwana, hasemi neno hata moja juu ya maisha yake ya nyuma. Hasemi, "Bwana, nilikuwa maskini." Hasemi, "Waroma walinilazimisha." Hasemi, "Walinicheka kwa ajili ya kimo changu." Pengine yote hayo yalikuwa kweli. Lakini yeye anataja hesabu: nusu kwa maskini, na kwa kila niliyemdhulumu, mara nne. Katika Sheria ya Musa, aliyeiba kondoo akamchinja au akamwuza alitakiwa kulipa kondoo wanne kwa mmoja. Aliyekiri kosa lake kwa hiari alitakiwa kurudisha mali yote na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo alikuja kwa hiari. Angeweza kuchagua kipimo kile chepesi. Alijihukumu kwa kipimo cha mwizi.

Tena angalieni jinsi anavyotenganisha mambo mawili. Sadaka kwa maskini ni jambo moja. Fidia kwa aliyedhulumiwa ni jambo jingine. Sisi tunapenda kuyachanganya. Yule Hürrem wa historia alianzisha mwaka 1552, katika mji wa Yerusalemu, jiko kubwa la kuwalisha maskini, nalo liliwapa mkate na supu watu wengi kwa karne nyingi. Ni tendo jema, nasi tunamshukuru Mungu kwa kila mwenye njaa aliyeshiba pale. Wanahistoria wanabishana hadi leo juu ya sehemu yake katika kifo cha Mustafa, nasi hatuna mamlaka ya kumhukumu. Hata hivyo, mtazamaji wa tamthilia ana haki ya kuuliza: bakuli ngapi za supu zingetosha kumfariji Mahidevran? Jibu tunalijua. Mkate uliogawiwa Yerusalemu haukuweza kumrudishia mama mtoto wake.

Kwa sababu hiyo Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2412, inapofundisha juu ya wajibu wa kurudisha mali ya dhuluma, inamtaja Zakayo huyuhuyu. Sasa na tushuke hadi mwaloni. Wewe tajiri wa mitumbwi uliyemkata mvuvi wako fungu lake kwa hesabu asiyoielewa: kuchangia bati la kigango hakumalizi deni hilo. Wewe mnunuzi unayejua kwamba mzani wako una ugonjwa, nao unaugua upande mmoja tu: zaka yako haiuponyi mzani. Wewe mkusanya ushuru uliyepokea fedha bila kukata stakabadhi: usiniambie kwanza jinsi ulivyolelewa. Nitakusikiliza, nitakuhurumia, na hata huenda nikalia nawe. Lakini kabla hatujaagana nitakuuliza jina la yule uliyemdhulumu, na siku utakayokwenda kwake.

Nawe uliyedhulumiwa, Kanisa halikutaki useme kwamba hukuumia. Kumwombea aliyekuumiza na kuyajua machungu yake ni neema kubwa. Lakini neema hiyo haikunyimi haki yako ya kurudishiwa. Nafikiri mara nyingi juu ya jioni ile ya Yeriko, watu wengine walipokuwa wakinung'unika barabarani. Labda mlango wa mjane fulani uligongwa, na mtumishi wa Zakayo akasimama pale na mfuko mkononi. Luka hatuelezi, bali ahadi ile isingekuwa na maana kama milango haikugongwa.

Tatu, tuangalie historia tunazozitunga wenyewe. Katika tamthilia, mwandishi anatupa habari. Anatupeleka nyuma, anatuonyesha utoto wa mtu yule mbaya, anatufungulia chumba chake cha siri. Jirani yetu hatufungulii. Basi, mahali tusipokuwa na habari tunajaza kwa uvumi. Tena tunayo methali ya kutusaidia: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ndugu zangu, methali hiyo inaeleza tabia ya uvumi. Haikuwekwa ili iwe sheria ya kumhukumia mtu. Mtume Paulo katika somo la pili anawaonya Wathesalonike wasifadhaishwe upesi na maneno wala barua zinazosemwa kuwa zimetoka kwake. Hata katika Kanisa la mwanzo uvumi ulikuwa na miguu mirefu.

Visiwani na katika makambi ya uvuvi jambo hili lina uzito wa pekee. Watu hufika kutoka pande nyingi, wanaume kwa wanawake, kila mmoja na begi lake. Hakuna ajuaye nyumba aliyotoka. Mwanamke anayekaa peke yake na kufanya biashara ya samaki hupewa historia kabla hajamaliza kufungua mzigo. Kijana mkimya akipotea wavu wa mtu, yeye ndiye wa kwanza kutajwa. Na ninyi wa Kanda ya Ziwa mnajua jambo zito kuliko hayo. Kwa miaka mingi wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi sana ushahidi wote ulikuwa macho mekundu. Macho yale yana historia, nayo haihitaji mganga wa kuipiga ramli. Ni moshi. Ni miaka arobaini ya kuinama mbele ya mafiga, kuchochea kuni mbichi na samadi kavu, kubanika samaki, kuwapikia watoto, kuwapikia wajukuu, na kuwapikia pengine haohao waliokuja usiku na mapanga. Bibi aliwalisha, na alama ya kuwalisha kwake ikageuzwa kuwa ushahidi wa kumwua.

Hapo ndipo naona ajabu yetu. Mtu wa kuigizwa, asiyekuwepo, tunampa saa mia za subira. Tunakesha tukimtetea na kumshtaki kwa hoja nzuri, na hata anayemchukia anakubali kusikiliza utoto wake. Bibi wa jirani, ambaye damu yake ni ya kweli, hatumpi hata robo saa. Kama tungemhukumu Hürrem kwa haraka tunayowahukumu jirani zetu, tamthilia ingekwisha siku ya kwanza.

Katekisimu, namba 2477, inataja makosa matatu dhidi ya jina jema la mtu: kuamini ubaya wa jirani bila msingi wa kutosha, kuyatangaza makosa yake ya kweli bila sababu ya haki, na kumsingizia. Makatekista wapendwa, nawaombeni kitu kimoja. Katika Jumuiya zenu Ndogo Ndogo za Kikristo, jina la mtu asiyekuwepo linapotajwa, ulizeni kwa upole: haya tumeyaona, au tumeyasikia? Kuna mmoja wetu aliyekwenda kumwuliza mwenyewe? Na kama neno la uchawi likitajwa juu ya mzee yeyote, msikae kimya mkingoja. Nendeni kwake jioni hiyohiyo, mkaonekane mmeketi mlangoni pake. Mwambieni mwenyekiti wa kijiji. Ukimya wa wema ndio unaowapa wauaji nafasi.

Na hapa ndipo tunapofika kwenye moyo wa Injili ya leo. Bwana wetu Yesu Kristo alifanya nini? Hakuanza katikati kama makutano, kwa kuwa yeye alimjua Zakayo tangu tumboni mwa mama yake. Lakini pia hakusimama chini ya mkuyu na kuwaeleza watu maisha ya Zakayo ili wamhurumie. Angeweza, alijua yote. Hakutangaza machungu yake wala makosa yake. Alimwita kwa jina, akamwambia ashuke upesi, akajialika nyumbani kwake. Neno lake lilikuwa juu ya siku ile: leo. Makutano walishughulika na jana ya Zakayo, naye Bwana akaitaka leo yake.

Kumbukeni pia utaratibu wa mambo. Bwana aliomba kukaa nyumbani mwa Zakayo kabla Zakayo hajaahidi kurudisha hata senti moja. Huruma ilitangulia, na fidia ikafuata. Makutano walitaka fidia itangulie, na huruma ifuate pengine baadaye, pengine isifuate kabisa. Kitabu cha Hekima katika somo la kwanza kinatupa sababu: Mungu hakichukii kitu chochote alichokifanya, maana asingalikifanya kama angalikichukia. Kwa hiyo huwakemea wakosao kidogo kidogo, awape nafasi ya kuuacha ubaya. Kidogo kidogo, ndugu zangu. Mungu naye ana subira ya mtu anayefuata hadithi ndefu. Tofauti ni kwamba yeye anamtakia mwovu mwisho mwema, na yuko tayari kuingia mwenyewe katika hadithi ili aubadili.

Sisi wanadamu hatujaona sehemu ya mwisho ya mtu yeyote aliye hai. Juu ya Hürrem tunaweza kubishana kwa utulivu, kwa sababu alifariki mwaka 1558, na wala ubishi wetu haumwongezei wala haumpunguzii kitu. Lakini mkusanya ushuru wa mwaloni kwenu, mke wa ndugu yako uliyekosana naye, kijana aliyetoka gerezani mwezi uliopita, hao hadithi yao bado inaendelea, na neno lako juu yao linaweza kuwa sehemu yake. Unaweza kuwa mtu wa makutano unayeziba njia ili mfupi asimwone Yesu. Unaweza pia kuwa mkuyu. Mti ule haukuhubiri, wala haukumwuliza Zakayo alikotoka. Ulisimama tu mahali Bwana alipopita, ukamruhusu apande.

Na kama wewe unayenisikiliza ndiwe usiyependwa, kama unajua kwamba ukipita watu hukonyezana, neno langu la mwisho ni kwako. Labda jina lako limechafuliwa bure. Labda ulifanya kweli wanayoyasema, na hata zaidi. Vyovyote iwavyo, kuna mmoja tu ajuaye hadithi yako tangu mwanzo bila kukosea hata mstari mmoja, naye ndiye anayeinua macho sasa na kukuita. Ukienda kwenye Kitubio, hutahitaji kumweleza jinsi ulivyokuwa hivyo, anajua. Utahitaji kumwambia ulichofanya, na nani anakudai. Kisha shuka, kwa upesi, na uandae nyumba.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyemwita Zakayo kwa jina, utuponye ulimi wetu uliojaa hukumu za haraka. Utupe subira ya kusikiliza na ujasiri wa kurudisha. Uwalinde wazee wetu wanaosingiziwa, na wavuvi wetu walio majini, na wageni wasio na wa kuwatetea. Uingie leo katika nyumba zetu, jinsi zilivyo. Unayeishi na kutawala milele na milele. Amina.